Ndani ya Mokichi Hamna Mtu

Asubuhi ya kwanza ya Obon, siku nne za Wajapani za kuwapokea wafu wao, vazi la dubu Mokichi lilikutwa limelowa jasho. Lilikuwa limetundikwa mbele ya feni usiku kucha, stoo imefungwa, na ufunguo alikuwa nao Shizue mwenyewe.

"Mama, nani alilivaa hili?" Kotomi aliuliza. "Linanuka udi wa makaburini."

"Hamna aliyelivaa. Ingia, wageni wako getini."

"Lina joto, Mama. Kama godoro mtu alilotoka sasa hivi."

"Acha kudeka! Ingia."

Kotomi alikuwa na miaka kumi na tisa, na hiyo ilikuwa wiki yake ya pili kazini. Mama yake ndiye aliyemwombea kazi. Shizue alikuwa amemshika Mokichi mkono kwa miaka ishirini na miwili, kwa sababu aliyemo ndani haoni vizuri wala haruhusiwi kusema. Bustani ile ya michezo ilikuwa na sheria moja kubwa, na kila asubuhi tuliikariri kwenye mstari, hata sisi wauza bisi: mgeni akiuliza nani yumo ndani ya Mokichi, jibu ni kwamba ndani hamna mtu. Shizue hakuwahi kuteleza hata mara moja. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia kuzaa, na sisemi hivyo kwa utani.

Walianzia upande wa bustani ulioitwa Bandari ya Maharamia. Jua lilikuwa kali, foleni ya mashua ilizunguka mnara mara tatu. Kitoto kimoja kikampiga dubu tumboni.

"Kuna mtu humu! Nimemsikia anakohoa!"

"Ndani hamna mtu, kipenzi," Shizue alisema akitabasamu. "Ni Mokichi tu."

Dubu alishtuka. Kisha sauti ikapenya kwenye manyoya ya shingo, ndogo kabisa.

"Mama, si mimi niliyekohoa."

"Nyamaza. Wageni wanasikia."

"Kuna mtu nyuma yangu. Humu ndani. Ananipumulia kisogoni."

Shizue alimfinya mkono ili akae kimya. Ni joto, alijiambia, atakunywa maji saa sita. Saa sita ilipofika, msimamizi wao, Bwana Hirabayashi, alitazama foleni ya picha akasema mapumziko yasubiri kidogo. Shizue akainama, akaitikia. Angeweza kubisha. Hakubisha.

Walipofika Mlima wa Theluji, ambako treni ya mteremko ilipita juu yao na mayowe yake, alikuwa amekwisha kusema maneno yale mara nyingi hata hesabu ilimpotea, na kila mara mkono aliokuwa ameushika ulizidi kuwa mzito na baridi.

"Kila ukisema hamna mtu, anasogea mbele," Kotomi alinong'ona, akilia. "Mikono yake imeingia kwenye mikono yangu. Nitoe, Mama. Nakuomba, nitoe."

Hapo Shizue aliogopa, aliogopa kweli, akaanza kumvuta mwanawe kuelekea pazia la wafanyakazi lililokuwa upande wa pili wa Mji wa Kesho, akipita kati ya vigari vya watoto na baluni na watu waliotaka kupunga mkono, huku harufu ya udi ikitoka kwenye mdomo wa dubu ule unaocheka daima na kufukiza njia nzima, mpaka bibi mmoja mwenye shanga za sala mkononi akasimama mbele yao na kuwazuia.

"Mwanangu," bibi alisema polepole, "siku hizi wafu wako njiani, na wasio na kwao wanatafuta pa kuingia. Kuna mtu ndani ya huyu?"

Shizue alitupa jicho kwenye pazia la wafanyakazi.

"Kama yumo, sema yumo, tena umtaje jina. Atatoka mzima. Harakisha!"

Watu walikuwa wamewazunguka. Simu zimeinuliwa, zinarekodi. Watoto wametumbua macho. Bwana Hirabayashi amesimama karibu na mashine ya vinywaji, ametulia, anangoja. Jina la mwanawe lilikuwa mdomoni mwake, alilihisi kwenye meno. Vidole vya Kotomi vikambana mkono mara mbili, ishara waliyofundishwa ya aliyezidiwa.

Mazoea yana taabu. Shizue aliinama kwa adabu, akatabasamu.

"Ndani hamna mtu, bibi. Ni Mokichi tu."

Vidole vikamwachia. Dubu akampungia bibi mkono vizuri, kwa furaha, na watoto wakapiga makofi.

Nyuma ya pazia walifungua zipu. Mlikuwemo taulo bichi na kibanio cha nywele cha Kotomi tu. Manyoya ya ndani yalikuwa makavu, baridi.

Bibi alirudi kesho yake na kuhani wa hekalu la Kibuddha, wakaomba, wakamwaga chumvi. Kuhani alisema vazini hamna wa kumtoa. Siku ya nne, ya mwisho ya Obon, Shizue aliwasha moto mlangoni kwake wa kuwasindikiza wafu, kama kila mtu mtaani, na hakujua kama mwanawe ni wa kusindikizwa au wa kungojwa.

Bado anafanya kazi pale. Kila asubuhi, kabla ya mstari, anafungua stoo na kuweka mdomo kwenye shingo ya lile vazi.

"Kotomi? Mwanangu, umo?"

Na kila asubuhi sauti ya Kotomi humjibu, laini, kwa adabu ileile aliyomfundisha:

"Ndani hamna mtu."