Neno la Siri la Nchagwa

Mimi fisi wenyewe hunipisha njia, lakini hili la rafiki yangu Nchagwa wa Turwa limenipandisha hasira. Neno la siri la kompyuta yake ni jina la fahali wake, analotamba nalo kwa sauti kila asubuhi akipeleka ng'ombe malishoni!

"We mjinga, mtaa mzima unalijua!" nilimfokea.

"Nani atamwibia Mkurya?" akacheka.

Jioni moja akaona picha za marehemu mama yake, asizo nazo kwingine, zinafutika moja moja. Akatukana, akang'oa waya ukutani, akachomoa na kibodi akaibana kwapani. Sebule iliyomulikwa na kompyuta tu ikawa giza.

Tak. Tak. Vitufe vilikuwa vinabonyea vyenyewe mbavuni mwake, taratibu, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja.