Charlène Hana Gène

"Gari ya Starlet nyeupe, inashuka Nyawera. Usiipoteze!"

"Niko naiona, Papa," Eulalie alijibu kwenye redio yake ya Motorola.

Alifunga koti juu ya Glock yake, akamgonga begani mwenye pikipiki aliyembeba. Kanyaga! Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli. Ndani ya Starlet mlikuwa na katoni moja: vidonge vya kansa ya mapafu, dawa mpya inayojaribiwa, vilivyoibwa hospitalini asubuhi ile. Bila vidonge hivyo, wagonjwa waliokuwa wameanza kupumua vizuri wangezidiwa tena. Papa Honoré, mkubwa wake katika polisi, aliapa kwamba kuna wageni wanaovingoja ng'ambo ya mto Ruzizi, nje ya mpaka.

Wageni! Kwake kila ubaya una wageni.

Starlet ilifika njia ya mpakani.

Ikaipita. Ikapanda mtaa wa Kadutu.

"Papa, haende Ruzizi."

"Ni ujanja ile. Mufuate!"

Mbele ya nyumba ya mbao dereva alishuka, katoni kifuani. Eulalie alimfikia mlangoni, bastola mbele. Akamtambua: Floribert, dereva wa hospitali ileile.

"Weka chini! Unauzishia nani?"

"Niuzishie nani? Ni ya bibi yangu!"

Ndani, mke wake aliketi kitandani, mgongo ukutani, akihema kwa shida.

"Muangalie Charlène!" Floribert alilia. "Docteur alimupima, akaniambia ati hana gêne. Yeye, hana gêne? Hata kulala hawezi! Walimunyima dawa juu wanaona hateseke."

Eulalie alishusha bastola. Masikini! Madaktari walikuwa wamemweleza Eulalie neno hilo asubuhi, na wao hawakusikia jinsi linavyoingia masikioni mwa mtu kama Floribert.

"Papa Flori, haikuwa gêne ya mateso. Ni gène, ile jeni, kitu kidogo sana ndani ya uvimbe. Kuna moja yenye iliharibika, ndiyo dawa hii inapiga. Kwa maman Charlène haiko."

"Nikimupa?"

"Haitamusaidia. Na wenye inasaidia watakufa."

"Hata nikimupa yote?"

"Hata yote."

Floribert hakuachia. Charlène ndiye aliyeivuta katoni mikononi mwake, polepole, akamkabidhi Eulalie.

"Peleka, dada. Wenzangu wanangoja."

Redio ilikoroma. "Ulikamata wageni?"

"Katoni niko nayo. Mugeni hakuna."

"Na mwizi?"

Eulalie alizima redio, akarudisha bastola kiunoni, akatoka kwenye mvua bila haraka. Roho ilikuwa inamuuma vibaya sana.

"Nikupikie uji?" alisikia Floribert akiuliza.

"Baadaye. Ikala hapa kando yangu kwanza."