Zima Maiki Kwanza

Siku Chiriku alipoosha vyombo bila kutumwa, mama yake alipaswa kuogopa. Badala yake alimshukuru Mungu, akakaa, akanyoosha miguu. Mtoto yule hakubandikwa jina la Chiriku bure. Tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alikuwa akiongea na mswaki wake, akibishana na redio. Sasa alikuwa akiitikia "ndiyo mama," anainamisha kichwa, anaingia chumbani kwake. Mzazi aliyechoka ukimpa mtoto mkimya haulizi ukimya umetoka wapi, na hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii, maana harufu ilikuwepo tangu mwanzo. Nyumba ilinuka nguo iliyoungua kwa pasi. Mama Chiriku alikuwa dobi, akadhani ameibeba mwilini kutoka kazini.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Walikuwa wakigombana kwa simu mpaka simu zinapata moto, ndipo wakatafuta mshauri wa mtandaoni, mtaalamu wa familia zisizo na nafasi. Kila wiki walikutana kwenye vioo vya simu: baba ndani ya lori, mama nyuma ya duka lake katikati ya mashuka ya hoteli, Chiriku kitandani kwake, na mshauri mwenyewe na sauti yake laini, kama anampaka mtu mafuta. Alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kama mboni ya jicho lake.

"Hasira ikipanda, usimrushie mwenzako. Zima maiki kwanza, sema yote, halafu washa urudi ukitabasamu. Neno lisilosikika halimuumizi mtu."

Upuuzi mtupu. Lakini watu wenye haraka hupenda dawa isiyochukua muda, na hii ilikuwa ya kubonyeza tu. Baba alibonyeza, mama akabonyeza zaidi. Siku moja shule ilikuwa imempigia kwamba Chiriku kamng'oa mwenzake jino, hoteli imemrudishia mashuka ikidai yana madoa, na mume anamuuliza mbele ya mshauri kwa nini mtoto hana adabu. Akazima maiki, akayaambia mashuka, "Laiti nisingemzaa yule mtoto. Ningekuwa mtu." Akawasha. Akatabasamu. Mshauri akampongeza.

Alasiri moja umeme ulikatika dukani, mama akarudi nyumbani mapema. Mlango wa chumba cha Chiriku ulikuwa umefungwa, na ndani mtu alikuwa anaongea. Mama akasimama. Sauti ile ilikuwa yake.

"Laiti nisingemzaa yule mtoto," ilisema bila haraka, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ningekuwa mtu."

Ikafuata sauti ya mumewe, ambaye asubuhi ile alikuwa amepiga simu kutoka mpakani. "Nikiikaribia nyumba ile natamani njia iongezeke." Kisha yake tena, kisha ya mume, zikipokezana, maneno yote yaliyosemwa maiki ikiwa imezimwa, mengine aliyakumbuka na mengine alikuwa ameyasahau kwa makusudi, na harufu ya kuungua ikawa inapenya chini ya mlango na kumpanda puani mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake ulikuwa juu ya kitasa lakini ulikataa kugeuka, kwa sababu kila sauti moja iliponyamaza, kabla nyingine haijaanza, alisikia kitu kikimeza.

Aliusukuma mlango kwa bega.

Chiriku alikuwa amekaa kitandani, simu yake mezani, imezimwa. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, na hapo hapakuwa na mtu. Shuka chini ya mbonyeo ule lilikuwa linageuka kahawia taratibu, kama pasi imesahauliwa juu yake. Mama alikuwa ameunguza nguo nyingi katika kazi yake. Alijua kitambaa kikifika rangi ile kimebakiza kidogo kishike moto.

"Mama, usipige kelele," Chiriku alinong'ona. "Anasikiliza."

"Nani, mwanangu?"

"Yule anayekula maneno mnayozima. Anasema hamnitaki. Anasema nikikubali tu, ananichukua kwao." Akamgeukia mama yake. "Nimemwambia sikubali mpaka nikuulize wewe. Mama, ulisema kweli?"

"Sikusema." Mama alijibu kama ambavyo mama yeyote angejibu. "Ni uongo wa jini huyo."

Kitu kikameza. Godoro likabonyea zaidi, mbonyeo ukasogea mpaka pajani pa mtoto, na pindo la gauni la Chiriku likaanza kugeuka rangi. Mama akaelewa. Kwa kulikana neno lake alikuwa amekilisha tena, mbele ya macho yake.

Hapo ndipo hasira ilipompanda, ile yote ya miezi aliyokuwa akitabasamu, na safari hii hakukuwa na cha kubonyeza.

"Nilisema!" alipaza sauti. "Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu! Nimechoka, Chiriku! Nafua mashuka ya watu mpaka vidole vinachubuka, narudi naambiwa umeng'oa mtu jino! Nilisema, na neno ni langu, we mlafi, lirudishe! Na mtoto ni wangu, simtoi!"

Chiriku alimkodolea macho. Kisha maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Na mimi nawachukia nyie na simu zenu! Nilimng'oa jino kwa sababu alisema baba ametuhama! Hata hamkuniuliza! Mnaniuliza mbele ya yule mama mshauri tu!"

Waligombana, wakalia, wakagombana tena, mpaka jirani akagonga ukuta. "Jamani, kuna usalama huko?"

"Hakuna!" walijibu kwa pamoja.

Godoro lilipanda polepole likawa sawa. Pazia lilipeperuka kuelekea nje, ingawa hapakuwa na upepo, na harufu ikatoka dirishani. Doa la kahawia likabaki kwenye shuka.

Mume alipopigiwa simu akaelezwa, alicheka. "Umechoka, mke wangu. Tutaongea kwenye kikao."

Siku ya kikao mama alimchukua Chiriku dukani, akachomoa pasi zote ili wasisumbuliwe. Mshauri hakumaliza hata salamu.

"Kanuni yako imetuletea jini ndani ya nyumba!" mama alimfokea. "Na wewe, baba Chiriku, nimesikia ulichosema. Kwamba unatamani njia iongezeke. Nimekisikia chote!"

Uso wa mume ulibadilika. Aibu ilimjaa. Akanyoosha kidole, akabonyeza, na midomo yake ikaanza kwenda mbio bila sauti. Kiti cha abiria kando yake kilikuwa na kitambaa cheupe. Kitambaa kile kikabonyea, na katikati yake doa la kahawia likaanza kutanuka.

"Washa maiki!" mama alipiga kelele. "Niambie mimi! Nitukane ukitaka, lakini niambie mimi! Angalia kiti!"

Mume aliendelea kusema peke yake. Mshauri aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, ndipo akaiona alama ndogo nyekundu kwenye picha yake mwenyewe.

"Nimekuzimia maiki kidogo, mama," mshauri alisema kwa upole. "Sema yote tu. Ukitulia nitakuwashia."

Chiriku alimshika mkono. Alikuwa ananusa hewa.

"Mama, pasi si ulizichomoa?"

Mama akaigusa iliyokuwa karibu. Ilikuwa baridi.