Dawa ya Kuku Nyuma ya Banda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Secilia aliteka maji, akafagia uwanja na kuwawekea kuku maji ya kunywa. Kuku walipozubaa kwa ugonjwa wa kideri, mama yake, Bonifasia, alimwagiza achume majani ya mimea iliyoota nyuma ya banda, ayatwange na kuyachanganya na maji hayo. Mimea hiyo ilikuwa bangi. Pale Bugarama baadhi ya watu waliiita dawa ya kuku, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, waliokuwa wamepiga kambi karibu, na kila baya la kijijini lilisemekana limetoka kambini. Jembe likipotea, wakimbizi. Mbuzi akikata kamba mwenyewe, wakimbizi pia.

Basi Anatory, kaka yake Secilia, alipoanza kucheka peke yake na kulala hadi adhuhuri, baba yao, Desderius, hakufanya uchunguzi. Alisema vijana wa kambini wanamvutisha bangi. Anatory alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Tangu matokeo yatoke, baba yake hakumpa kazi wala neno.

Jumapili moja, baada ya misa, Desderius alimkuta Anatory amelala shambani huku moto aliouwasha ukiunguza migomba. Waliuzima pamoja na majirani. Kisha akamwambia, "Funga nguo zako. Nenda kwa hao wa kambini wakulee."

Bonifasia alikwenda mbio kumwita nesi Joyceline wa zahanati, aliyekaa jirani. Walipofika, Anatory alikuwa tayari ameshika mfuko wake.

Secilia alisogea karibu nao. Akisema alichokiona, atamwaibisha mama yake mbele ya nesi. Akinyamaza, kaka yake ataondoka.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, Anatory haendi kambini. Anachuma yale majani ya kuku. Nimemwona mara nyingi."

Bonifasia aliinamisha kichwa. "Mimi niliona ni dawa tu," alisema.

Nesi alimgeukia Anatory. "Ulianzaje?"

"Siku ya matokeo. Nilitaka nisahau. Sasa nisipovuta silali, na chakula hakipiti."

Desderius alitazama chini. Uchungu ulimshika, naye hakuuficha. "Nilikuwa na hasira na matokeo," alisema, "nikamwachia yeye mzigo wote."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee," alisema nesi Joyceline. "Mmelinda njia ya kambini, na bangi iko hapa nyumbani. Kijana mwenye huzuni, asiye na kazi wala wa kuzungumza naye, akiiona karibu ataivuta. Mkimfukuza, huzuni itazidi, na bangi ataipata huko aendako. Iondoeni. Mpeni kazi, kaeni naye, mumlete zahanati. Haitakuwa rahisi, lakini wengi huacha. Nawe Secilia, umefanya vizuri kusema kabla hajaondoka."

Desderius alichukua mfuko wa nguo mkononi mwa mwanawe, akaurudisha ndani. Kisha baba na mwana wakaing'oa ile mimea yote na kuitumbukiza chooni. Kesho yake walikwenda pamoja kupanda migomba mipya, ingawa Anatory alichoka haraka na mikono ilimtetemeka.

Jioni Secilia aliwatazama kuku wakiingia bandani.

"Mama, kideri kikirudi?"

"Kuku wakifa nitafuga wengine," Bonifasia alijibu. "Anatory mwingine nitamtoa wapi?"