Nyota ya Mkia na Maharage ya Baba

Immakulata wa Heru Juu alikuwa na kibuyu cha mbegu za maharage. Aliachiwa na marehemu baba yake, mzee Nkunzimana. Kila alipoyapika maharage hayo, harufu ilimrudisha jikoni kwao. Loo, alimpenda mno mzee yule!

Mwaka huu mvua zilianza, na wadudu walishaanza kuzitoboa mbegu. Zisipopandwa, ndio mwisho wake. Lakini Immakulata hakupanda. Jioni aliiona nyota yenye mkia juu ya migomba.

"Nikiwa mdogo ilitokea nyota kama hii, maharage yote yakaoza," alimwambia jirani yake Zuhra wakimenya mihogo. "Baba akasema, ikija nyingine, msipande. Nitavunjaje neno lake?"

Zuhra, mke wa mwenye duka, aliwahi kufundisha hesabu. Alichukua muhogo uliochongoka ncha.

"Tazama, Mama Irakoze." Akaikata ncha kwa kukingama, kisu kimenyooka. "Umeona nini?"

"Duara."

Akalaza kisu kidogo, akakata tena.

"Ee! Duara limerefuka."

"Hiyo ni duaradufu. Dunia hulizunguka jua kwa duaradufu iliyokaribia duara. Nyota nyingi za mkia zina duaradufu ndefu mno. Huja, hupotea, hurudi."

Kisha akakata kwa kufuata mlalo wa ubavu wa ncha.

"Mbona mstari huu haujifungi?"

"Hata muhogo urefuke mpaka Kasulu, kingo hizi hazikutani. Hiyo ni parabola. Kinachopita kwa kasi kubwa, jua hukipinda njia tu, kikaenda zake."

"Na nyota hii?"

"Wataalamu wanasema haitarudi. Ina njia yake, haijui hata Heru Juu ni wapi! Mwaka ule mlipanda wapi?"

"Bondeni. Mvua ilizidi."

"Basi maji yalituama, mizizi ikaoza. Panda kwenye matuta."

Machozi yalimlenga Immakulata. "Kwa hiyo baba alikosea?"

"Aliona nyota, akaona maharage yameoza, akaviunganisha. Alichotaka ni msilale njaa."

"Ego," alisema Immakulata kwa sauti ndogo. Ndiyo. Kesho yake aliamka na jembe.

Maharage yalipokomaa, alimwita Zuhra. Alipofunua chungu, harufu ya jikoni kwao ikajaa nyumba nzima.

"Nyota imekwenda zake," alisema, akipakua. "Baba yupo. Kula, Mwalimu, yasipoe."