Jodari wa Sifuri na Tano

Soko la samaki asubuhi halina simile. Watu wanasukumana, maji ya barafu yanachuruzika miguuni, kila mtu anapiga kelele kumshinda mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo, kijana mmoja mrefu, kavaa shati jeupe (shati jeupe sokoni, jamani!), alikuwa ameinama anampima jodari kwa utepe.

"Kaka, huyo samaki humpimi, unampapasa," sauti ya kike ikamwambia. "Kipimo kinatakiwa kiishie kwenye panda ya mkia, siyo kwenye ncha kama ulivyofanya. Hapo umeshamwongezea sentimeta nne nzima."

Akageuka. Dada mwenye aproni ya mpira, buti mpaka magotini, kilemba cha manjano, na macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo.

"Na wewe ni nani wake? Mama mkwe?"

Jumatatu yake kijana akaanza kozi ya waangalizi wa uvuvi, na yule mama mkwe wa sokoni akaingia darasani na chaki mkononi. "Karibu, Sentimeta," akamwambia mbele ya watu. Darasa zima hoi kwa kicheko. Jina likamganda mpaka leo.

Kazi yenyewe aliwaeleza bila kupamba. Mtapanda meli za watu, mtahesabu na kupima kinachovuliwa na kinachotupwa, kusudi ijulikane baharini kumebaki nini. "Ukiona, andika. Usipoona, andika kwamba hukuona. Ukibuni namba, utanijua mimi ni nani."

Sentimeta alisubiri mpaka alipopata cheti ndipo akaomba namba ya simu. Alipewa. Mwalimu naye akahamishiwa ofisi ya uhakiki, zinakochambuliwa fomu za waangalizi, na mapenzi yakawa ya kwenye simu ya meli.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, lakini mimi na chakula hatukukaa pamoja muda mrefu. Bahari chafu leo."

"Pole, baba. Na fomu umejaza?"

"Yaani hata hunibembelezi?"

"Nakubembeleza, kipenzi changu. Na fomu?"

Safari ya tatu ilikuwa ya siku arobaini, na humo ndimo alimokata shauri: akirudi, anaposa. Maneno aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea, mpaka mpishi wa meli akamuuliza kama ni mzima.

Basi meli ikafunga gati, akashuka na begi lake, akaangaza huku na huku. Mwalimu hakuwepo. Akapiga simu, ikakatwa. Ukaja ujumbe: "Usinipigie mpaka ukaguzi wako uishe. Tafadhali." Hakuna mpenzi, hakuna baba, hakuna hata Sentimeta. Mwenzenu siku hiyo hakuonja kitu.

Kesho yake, kwenye chumba cha uhakiki, kile kiti cha Mwalimu alikikalia mhakiki mkuu mwenyewe, mzee wa miwani asiye na masihara.

"Mwalimu yuko wapi, mzee?"

"Kajitoa kwenye faili lako. Kaa." Akamsogezea karatasi. "Siku ya kumi na tisa mpaka ya ishirini na tatu. Jodari mia mbili na kumi na sita, na kila mmoja urefu wake unaishia na sifuri au tano. Samaki hawakui kwa mpangilio huo, kijana. Ulipima, au ulijilaza ukabuni?"

Sentimeta akaikodolea macho karatasi. Kumbe ndiyo hivyo! Mwalimu kaziona namba, kamwona mwongo, kamtupa. Kunyang'anywa cheti kungemuuma, lakini hili lilimuuma mara kumi.

"Naomba ugeuze ukurasa, mzee," akasema.

Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mdogo uliobanana: *Ubao wa kupimia umekwanguka. Mistari midogo haionekani, nasoma ile ya tano tano tu. Hakuna ubao wa akiba. Samaki hawa wasichanganywe na wengine.*

Ubao wenyewe alikuwa nao begini. Mzee akaupitisha kidole, akavua miwani, akacheka.

"Nyuma ya ukurasa! Nani anaandika nyuma ya ukurasa?"

"Mbele kulijaa, mzee."

"Umepita. Hawa tutawawekea alama kuwa wamekadiriwa. Nenda kapumzike. Na hongera ya uchumba."

"Uchumba gani?"

Mzee akachomoa karatasi nyingine: fomu ya kujitoa. Kwenye nafasi ya *Uhusiano wako na mwangalizi*, Mwalimu alikuwa ameandika: *Mchumba wangu. Nampenda mno. Nikimkagua mimi, nitampitisha hata kama amebuni.* Tarehe ilikuwa ya juzi, meli ikiwa bado baharini. Hizo namba hakuwa ameziona kabisa.

Sentimeta hakukumbuka hata kuaga.

Alimkuta mwisho wa korido, kwenye benchi, na gauni la buluu lililopigwa pasi likapigika, kalamu kaitafuna mpaka imepasuka.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Ai, asante Mungu!" Akaziba uso, machozi yakapenya vidoleni. "Nimekaa hapa saa tatu nzima. Wamenikataza kuongea na wewe, na mimi nakufa."

"Nilijua umeniacha."

"Nikuache niende wapi, wewe mwanaume?"

Akaketi karibu naye. "Ila Mwalimu, fomu yako ina kasoro. Umeandika mchumba. Nani alikuposa?"

Mwalimu akainamisha kichwa, masikio yanawaka. "Ilitaka mume, ndugu, mchumba au rafiki. Rafiki ungekuwa uongo."

"Kwa hiyo ukabuni."

"Sikubuni! Nilikadiria." Akajipangusa, akamtazama machoni. "Kama si kweli sema, nikaifute."

Yale maneno ya kwenye kioo yote yalikuwa yameyeyuka, halikubaki hata moja.

"Jumamosi mjomba wangu anakuja kwenu," akasema.

Mwalimu akamshika mkono, akaukandamiza kwenye shavu lililolowa.

"Mwambie awahi," akasema.