Waliobeba Pembe za Kinanda

Jumanne ile Marlène alimaliza kufunga maboksi ya viatu pale soko la Zhanxi, akanunua chai ya maziwa, akapanda metro kwenda mazoezini. Siku ya kawaida kabisa. Asubuhi anauza viatu, mchana anaimba. Mzaliwa huyu wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, sauti ndiyo iliyomtoa kwenye kwaya ya parokia hadi Guangzhou, na Jumapili angeimba peke yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Hana kingine cha kujivunia ila sauti hiyo.

Kundi lao hupiga muziki wa kale wa Ulaya kwa vyombo vya kale. Fidla zao zina nyuzi za utumbo wa kondoo. Kinanda kina karibu miaka mia moja na hamsini, vibonyezo vyake vimevikwa pembe za ndovu. Bosi wao, Laoban Liang, yaani Bosi Liang kwa Kichina, hataki kusikia habari za vyombo vya kisasa. "Nataka sauti ileile waliyoisikia watu wa enzi zile," husema. Haya bwana, aliyataka mwenyewe!

Kinanda kilipoanza kulia siku hiyo, Marlène alisikia miguu. Miguu mitupu, mingi, ikijivuta nyuma yake. Akageuka. Ukuta tu. Alipofungua kinywa aimbe, uzito ukamkalia begani, koo likambana, sauti ikakatika. Alirudi nyumbani akiongea kwa kunong'ona.

Daktari akalimulika koo, akasema halina shida. Jumatano mambo yakawa yaleyale. Alhamisi, hata kunong'ona kulikuwa kazi. Kila kinanda kilipopigwa, sauti ilipungua na miguu ikasogea. Wenzake hawakusikia lolote.

Mama Eugénie, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alimfunga kitambaa shingoni.

"Ma fille, mwanangu, kile kinanda kiko na watu. Pembe zile zilibebwa na watu wa kwetu, mabegani, toka ng'ambo ya ziwa mpaka pwani. Wengi walifia njiani. Sasa wameona ndugu yao, wanataka uwapokee mzigo. Usiende Jumapili. Sauti itaisha kabisa."

Marlène aliogopa, jamani, tena sana. Lakini hasira ilizidi hofu. Waliouziwa pembe walikipiga kinanda, wengine wanakipiga hadi leo, na yeye mjukuu wa waliobeba ndiye anyamaze?

"Naenda," akanong'ona.

Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa pomoni. Kinanda kikaanza. Miguu ikaja. Safari hii akasikia na pumzi. Pumzi za watu waliochoka. Jasho likanuka. Bega likazama. Koo likaziba. Akafungua kinywa. Kimya.

Laoban akamwashiria ashuke jukwaani. Hakushuka.

Kitu cha baridi kikamgusa kisogoni. Kidole.

Akakigeukia kinanda, akakusanya sauti yote iliyobaki.

"Tueni!" Ilitoka kama kwikwi. "Tueni mizigo! Sipokei! Na ninyi msibebe tena! Mwenye mali alishakufa, mnamwogopa nani? Rudini kwenu!"

Kitu kikaanguka. Puu! Kingine. Puu! Vikaanguka vingi, na sasa ukumbi mzima ukavisikia. Mpiga kinanda akaruka kutoka kitini, amekumbatia vidole vyake. Bega likawa jepesi. Hapo Marlène akaimba, bila kinanda, huku analia, mpaka neno la mwisho.

Taa za ukumbi zilipowashwa, vibonyezo vyote vilikuwa mbao tupu. Hapakuwa na kipande cha pembe hata kimoja, si ndani, si chini. Kulikuwa na nyayo za udongo mwekundu, kubwa na ndogo, zikitoka kwenye kinanda, zikivuka jukwaa, zikishuka katikati ya watu hadi mlangoni. Hakuna hata unyayo mmoja uliorudi.

Laoban Liang akaja na ndoo na tambara. Marlène akasimama mbele yake.

"Hufuti," alisema kwa sauti yake kamili. "Watu wamepita hapa."

Alipoondoka, wakafuta. Wakasugua kwa sabuni, wakasugua kwa dawa. Mwisho wakang'oa mbao za jukwaa wakapigilia mpya. Asubuhi yake nyayo zilikuwa palepale juu ya mbao mpya, udongo bado mbichi.